Konje yetu tuliipeleka mpaka baharini

Hapa Kolwezi makamyo ya shaba yanapita usiku na mchana. Mtoto akianza kusema, kiisha "papa" na "mama" neno linalofuata ni "kamyo". Madereva wengine tunawajua kwa sura, vumbi lao tunalijua hata kwa ladha. Ukiuliza yanaenda wapi, kila mtu atakujibu: mengi yanaenda Dar es Salaam, ku bahari. Lakini uliza katika ekipi yetu ni nani amekwisha kufika huko. Hakuna. Tunachimba, tunaponda, tunatia katika asidi, tunatoa katodi safi zinazong'aa kama sahani mpya, kiisha zinafungwa na kupakiwa. Kwetu habari inaishia kwenye mlango wa kompani.

Mwaka huu, mwezi wa saba, tuliifuata ile njia. Hatukwenda kwa ujumbe wa sendika wala kwa semina. Tulienda kama jamaa: baba, mama na binti yetu wa miaka minne. Tangu turudi wenzetu wanatuuliza maswali kila asubuhi ku bisi ya kazi, mpaka tumeona afadhali kuandika mara moja kwa wote: konje tulipata namna gani, karatasi, njia, mtoto alivumilia ao hapana, na hiyo bahari yenyewe iko namna gani.

Tuanze na konje, juu njo pale safari za wengi zinafia. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi aliyepita miaka 18 siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika, na inaongeza siku moja kwa kila miaka 5 ya ukongwe. Sisi tuko na miaka 16 katika mugodi. Hesabu ni nyepesi: siku 12 na siku 3, jumla 15. Siku za Mungu hazihesabiwi, kwa hiyo katika kalenda zinapata kama 17 ao 18. Ondoa siku ine za kwenda na siku ine za kurudi, unabaki na tisa za kukaa. Si nyingi, lakini ni zako.

Biro ya wafanyakazi ilitusukuma mara mbili. Mara ya kwanza walisema kazi ni mingi, tungoje mwezi wa tano. Mwezi wa tano walisema shefu hayuko, na wakatuuliza kama hatutaki kupokea pesa badala ya siku, "juu mutoto iko mudogo, mutaenda wapi naye?" Wenzetu wengi wanakubali ile pesa, na hatuwacheki, juu masomo ya watoto hayangoji. Lakini mtu anayeuza konje yake kila mwaka, miaka kumi mfululizo, anaanza kukohoa kama mzee kabla ya kuwa mzee, na watoto wanamjua kama mgeni wa usiku. Sisi tuliandika barua, tukatia tarehe, tukaomba kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Ile kopi njo ilifanya kazi. Siku tuliyorudi ku biro nayo mkononi, jibu lilitoka kwa siku mbili. Wale waliokodishwa na kampuni za katikati, wanaobadilishiwa mkataba kila miezi michache ili mwaka usitimie, hawana hata nafasi ya kubishana hivi. Ile ni vita ingine, na haijaisha.

Wengine walituuliza: juu ya nini hamukwenda Muanda? Kweli, Congo yetu iko na bahari. Muanda na Banana, kule Kongo-Central, tuko na pwani ya kilometa kama 40 tu kwa nchi kubwa namna hii. Lakini kutoka Kolwezi mpaka kule, barabara ya kupita na mtoto hakuna, na tiketi ya ndege kwa watu watatu ni mshahara wa miezi. Kwa mtu wa Katanga, bahari iliyo karibu ni ile ya Wahindi, hata kama unavuka nchi mbili. Siku hizi wanaongea sana Lobito na reli ya Angola. Siku bisi itaanza kwenda huko tutajaribu pia.

Pesa ilitoka katika likelemba. Tulikuwa watu 12, kila mmoja anatoa kiasi kimoja mwisho wa mwezi, na tuliomba zamu yetu iwe ya mwisho ili tusiile mapema. Nusu na zaidi ya akiba yote ilimezwa na pasiporti tatu, juu hata mtoto wa miaka minne lazima awe na yake. Hapa tunaomba wazazi wadogo watusikilize vizuri. Mtoto akizaliwa, kumwandikisha ku etasivili ni bure ndani ya siku 90. Ukipitisha hapo, unaanza kutembea mahakama na biro. Sisi tulikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, kwa hiyo pasiporti ilikuwa swala la pesa na kungoja foleni. Jirani yetu alitaka tumchukue na mtoto wake tucheze nao pamoja, lakini yule mtoto hana karatasi hata moja. Kwa serikali hajazaliwa. Alibaki analia ku mlango.

Kitu kingine ni karti ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Sisi tunaotoka Congo tunaombwa karti hiyo kila mpaka. Ukiwa nayo, unapita. Ukiikosa, pale njo madesu ya batoto yanaanza kuombwa. Tulizitia zote tatu katika mfuko mmoja wa plastiki, shingoni mwa mama, na hazikutoka pale mpaka Dar.

Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa kama 300, tulilala kwa shangazi. Asubuhi tulipanda bisi ya Dar. Kasumbalesa tulifika na mapema, lakini makamyo yalikuwa yamefika mbele yetu: foleni ambayo mtoto alianza kuhesabu na akachoka, juu anajua kuhesabu mpaka ishirini tu. Madereva walikuwa wamelala chini ya magurudumu yao juu ya kikwembe, wengine wanapika. Mmoja alituambia iko pale siku ya sita. Juu ya kamyo yake, chini ya turubai, tuliona pembe za katodi. Tulizitambua mara moja, sawa mtu anavyotambua nguo aliyoshona.

Ukivuka tu, gari linahamia upande wa kushoto. Sisi Congo tunaendesha kuume, Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, na pale Kasumbalesa njo mahali pa kubadilisha. Mtoto aliona mbele ya watu wakubwa. Alipiga kelele: "Papa, shofele amepotea njia!" Bisi nzima ikacheka, na shofele mwenyewe akamjibu: "Hapana mama, ni njia njo imepotea."

Zambia tuliipita mbio. Chingola, Kitwe, Ndola: ni kama kwetu, milima ya takataka ya mugodi, bomba za moshi, watu wa overoli. Kapiri Mposhi tuliona reli ya Tazara, ile Wachina walisaidia kujenga miaka ya 1970 mpaka 1975, kilometa 1,860 kutoka pale mpaka Dar. Kiisha Kapiri ni msitu, msitu, msitu, saa kumi na zaidi. Hapa kwa mtoto njo pagumu. Mama alikuwa amejipanga vizuri kuliko sisi wanaume tungefikiri: ndoo ndogo yenye kifuniko kwa haja, mihogo ya kuchemsha, karanga, maji tuliyochemsha nyumbani, na kikwembe cha kutandika chini kati ya viti ili alale ameukunjua mgongo. Peremende hakumpa. Alisema sukari inamfanya mtoto awe kama pikipiki, na ndani ya bisi hakuna mahali pa kukimbilia. Tulilipa kiti cha tatu pia. Wengine wanabeba mtoto magotini ili wasilipe, lakini siku tatu na mtoto wa kilo 15 juu ya magoti, utafika umegonjwa.

Nakonde na Tunduma ni mji mmoja ulipasuliwa na mpaka. Kule saa moja inapotea: ukivuka kuingia Tanzania, saa yako inabaki nyuma, lazima uisukume mbele. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba si mchezo, na mwenye mtoto achukue blanketi ya kweli, si ile nyembamba ya bisi.

Kiisha Iringa barabara inashuka mlima Kitonga, kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na shimo upande mwingine, na makamyo ya shaba yanashuka polepole yakilia breki. Sisi watu wa mugodi tunajua mteremko, lakini pale wote tulinyamaza. Chini yake mibuyu inaanza, maelfu, minene, bila majani. Binti alisema ile ni miti iliyopandwa kichwa chini, na hakuna aliyemfundisha. Na kiisha Mikumi, kilometa kama 50 barabara inakata mbuga ya wanyama, na kuna ubao wenye bei ya kila mnyama: ukigonga, utalipa. Tuliona twiga watano na tembo mmoja amesimama kama mlinzi wa kompani. Tunaandika hivi juu ya wale wanaosema safari ya bisi ni kupoteza siku. Zile siku ine hazikupotea.

Sasa lugha. Tulikuwa tunajivuna kwamba sisi tuko na Kiswahili, hatutapata shida. Kumbe! Asubuhi ya kwanza, ku mahali pa chakula karibu na kituo cha Mbezi, mama aliomba: "Munipatie mayi ya mutoto." Yule mama ntilie akaleta yai, limechemshwa, na chumvi pembeni. Mama akasema: "Hapana, mayi." Akaletewa la pili. Ni mtoto njo aliokoa mambo, alionyesha chupa. "Aaa, maji!" Walicheka mpaka wakatuletea chai ya bure. Bukari hakuna anayejua, ni ugali. Sombe ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Wakatuuliza: "Nyie ni Wakongo?" Tulishangaa walijuaje.

Lakini walitupenda, hii tuseme wazi. Na walimfundisha binti yetu kitu ambacho sisi hatuna: shikamoo. Kwetu mtoto anasema "jambo tate, jambo nkambo" na imekwisha. Kule, mtoto akimwamkia mkubwa "shikamoo", mkubwa anamjibu "marahaba", na uso wake unafunguka. Siku ya pili binti alikuwa anaamkia kila mtu, hata kondakta wa mwendokasi kijana wa miaka ishirini, na yule kijana aliona haya.

Tulipanga chumba cha gesti upande wa Kigamboni, juu kule bei ni nafuu kuliko mjini na bahari iko karibu. Kufika huko unavuka mlango wa bandari kwa pantoni, watu, mikokoteni, baiskeli na kuku wote pamoja. Njo pale, katikati ya maji, meli moja ilikuwa inatoka. Si meli ya ku picha. Ni ukuta. Ilipita karibu yetu, ndefu kuliko soko, makontena yamepangwa juu kama matofali. Binti alishika suruali: "Papa, iko nyumba inatembea!" Kiisha akauliza: "Iko na shaba yetu?" Tulimwambia labda. Mtu mmoja kando yetu, mzee mwenye kofia, alisikia, akauliza mnatoka wapi. Kolwezi. Akasema alifanya kazi ya ukuli bandarini miaka mingi, na mizigo ya Congo aliijua kwa uzito. "Shaba yenu," alisema, "haina ukubwa, lakini ukiidharau inakuvunja mguu."

Tuliongea naye mpaka ng'ambo na tukakaa naye chini ya mti. Alikuwa anajua habari za mgomo wa 1947, ule ulioanza kwa makuli wa Dar es Salaam ukapanda na reli mpaka ndani ya nchi. Baba yake alikuwa kijana wakati ule. Sisi tulimwambia habari zetu za 1941, Lubumbashi ilipokuwa bado Elisabethville: wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kuomba mshahara, na tarehe 9 Desemba askari wakawapiga risasi ku uwanja wa mpira, akafa Léonard Mpoyi na wengine wengi. Hakuwa anaijua. Sisi hatukuwa tunaijua vizuri ya kwake. Shaba ni moja, barabara ni moja, na anayeitoa hamjui anayeipakia. Katika mikutano yetu tumekwisha kuongea sana juu ya bei ya London, lakini hakuna siku tumeuliza kuli wa Dar analipwa namna gani.

Bahari yenyewe sasa. Siku ya kwanza binti aliiogopa. Alikuwa anajua lac Nzilo tu, na alifikiri bahari ni Nzilo kubwa. Alisimama mahali mchanga unaanza, akaangalia, akasema: "Hii mayi haiishake?" Wimbi la kwanza lilipokuja akakimbia, akarudi, akakimbia. Kiisha akalamba mkono. "Ni nani alitia chumvi?" Tulijaribu kueleza habari ya mito na mawe na jua, lakini yeye alitaka jina la mtu.

Usiku wa pili homa ilimpanda. Hapa safari nzima ilikuwa karibu kufa. Mwili ulikuwa moto kama jiko, anatapika, na sisi tuko nchi ya wengine, pesa inahesabiwa. Mmoja wetu alikuwa anasema turudi Kolwezi kesho, mwingine anasema hatafika hata Mbeya. Mwenye gesti, mama mmoja mtu mzima, aligonga mlango bila kuitwa, akamgusa mtoto paji la uso, akasema: "Mwanangu, mtoto haangaliwi na mchana, twende sasa hivi." Tukaenda naye ku zahanati usiku ule ule. Wakatoboa kidole, wakapima: malaria. Tulianza kulaumu mbu wa pwani. Nesi akatuuliza tumefika lini, tukamwambia jana juzi, akatikisa kichwa. Alisema malaria inakaa mwilini siku saba na zaidi kabla ya kuonekana, kwa hiyo huyu mbu alimuma nyumbani kwenu, ao njiani, si hapa. Tulinyamaza. Akatupa dawa ya mseto, asubuhi na jioni, siku tatu, na akasisitiza tumpe pamoja na maziwa ao chakula chenye mafuta ndipo dawa ishike, na tusiache katikati hata akianza kucheza.

Siku tatu kati ya tisa zilienda pale. Tunazitaja juu wenzetu mnaopanga safari mutie katika hesabu: chandarua hata ndani ya gesti, pesa ya hospitali katika mfuko wa peke yake ambao haufunguliwi kwa kitu kingine, na mtoto apimwe kabla ya kuondoka kama ameonyesha dalili yoyote. Yule mama wa gesti alikataa pesa tuliyotaka kumpa. Alikubali kikwembe kimoja cha Congo, na siku iliyofuata tulimwona amekivaa.

Siku ya sita ya kukaa kwetu binti aliamka akasema anataka kwenda ku mayi ya chumvi. Tulifika pale tulipokuwa siku ya kwanza, na bahari haikuwepo. Kweli. Ilikuwa imejirudisha mbali, mahali pa maji pamebaki matope na majani na vidimbwi, na wanawake wanatembea ndani yake na ndoo wakiokota. Tuliwaza kuna kitu kibaya. Mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza ngalawa alitucheka taratibu, akatufafanulia: maji yamekupwa, yatajaa tena. Kila siku yanakupwa mara mbili na kujaa mara mbili, na kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50, inafuata mwezi. Mwezi ukiandama ao ukiwa mzima, ni bamvua, maji yanaenda mbali sana na yanarudi na nguvu. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali. Yeye hana saa ya mkono.

Akatuonya: watu wa bara wanakufa hapo. Wanatembea mbali wakati maji yamekupwa, wanapiga picha, wanageuka na kukuta maji yamejaa nyuma yao katika vijito wasivyovijua. Alimchukua binti yetu mkono mmoja, mama mkono mwingine, wakaenda mpaka vidimbwi vya karibu tu. Alimwonyesha kaa mdogo anayetembea upande, kiti cha pweza chini ya jiwe, samaki wa ukubwa wa kidole wa rangi ya buluu, na vile vidude vyeusi vyenye miiba ambavyo usikanyage bila viatu. Viatu vya plastiki vya soko la Kolwezi vilifaa vizuri. Mama amelelewa kwa kuambiwa kwamba ndani ya maji makubwa kuna kitu kinachovuta watu. Siku ile aliingia mpaka magoti na hakusema neno.

Kiisha maji yakaanza kurudi. Hayaji kama mvua, yanakuja kama mtu anavuta shuka. Binti alisimama kwenye mchanga mkavu na kila mara yalipomgusa mguu alirudi hatua moja, mpaka akafika ku ukuta. Alicheza mchezo huo saa mbili. Mtoto ambaye nyumbani tunamkataza kucheza nje juu ya vumbi la makamyo, saa mbili nje, hakukohoa hata mara moja. Hatusemi bahari ni dawa. Tunasema tulisikia kimya cha kifua chake.

Coco Beach tulienda siku moja, watu mingi, mihogo ya kukaanga na pilipili, ni pazuri kwa vijana. Kariakoo tulipotea, tukanunua sandali. Jina lenyewe linatoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza, na leo wanawake wafanyabiashara wa Lubumbashi wanalijua lile soko kuliko sisi tunavyojua galeri za mugodi wetu.

Lakini Bagamoyo tulitaka kufika, hata kama ni kilometa 70 na zaidi na siku zimebaki mbili. Sababu ni ya Katanga. Msiri, mkubwa wa Bayeke wa Bunkeya, watu wake walitoka Unyamwezi kufuata shaba, na biashara yake ilielekea pwani hii: shaba, pembe za ndovu, na watu. Lazima tulitaje hilo la tatu, hata kama kwetu hadithi yake inapenda kusimuliwa bila hilo. Na ile safari ya Stairs, iliyotumwa kwa ajili ya Wabelgiji na kuishia kwa kumuua Msiri tarehe 20 Desemba 1891, ilianza kutembea kutoka Bagamoyo mwaka ule ule. Njia iliyopeleka misalaba ya shaba baharini njo iliyoleta bunduki Bunkeya.

Pale kwa misheni kuna mnara wa kanisa la zamani ambako maiti ya Livingstone ililazwa mwezi wa pili 1874, imebebwa kwa miguu kutoka Zambia ya leo na wasaidizi wake. Tulihesabu: sisi siku ine ndani ya bisi tulilalamika, wao walitembea miezi wakiwa na maiti mabegani. Binti alilala mgongoni mwa mama wakati wote huo, na alipoamka alitaka dafu. Alikunywa moja na nusu.

Kurudi hakuna mengi. Njia ni ile ile, ila sasa makamyo tuliyokutana nayo yalikuwa yanapanda na mizigo mingine: mafuta, mashine, magunia ya kiberiti ya kutengenezea asidi ya migodi yetu. Kasumbalesa afisa mmoja alitaka kitu "juu ya mutoto". Tulitoa cheti, pasiporti, karti ya manjano, vyote mbele ya watu na kwa sauti, akaturudishia bila kutuangalia.

Tulirudi kazini siku ile ile iliyoandikwa, posti ya asubuhi. Katika likelemba mpya tumekwisha kuwa watu 14, na watatu wamesema zamu yao ni ya bahari. Jamaa mbili za ekipi yetu zimepeleka barua za konje kwa mwezi wa sita ujao, kila moja imebaki na kopi yenye muhuri. Moja imejibiwa ndiyo. Ya pili bado, wiki ya tano sasa, na delege wa sendika atarudi ku biro Jumatatu kuuliza.